Vifaranga wangu wa sato hawakimbii ndege tena, ni dawa za binadamu kwenye maji?

Swali: "Shikamoo daktari. Nafuga sato nje kidogo ya Mwanza, nina mabwawa ya kuchimba, maji nayachukua kwenye kijito ambacho kimeshapita kwanza kwenye makazi ya watu, huko juu kuna zahanati, nyumba nyingi na bustani za nyanya. Siku hizi vifaranga wanakaa juu juu, korongo anatua, mdiria anapiga mbizi, wao wapo tu kama hawaoni. Zamani kivuli kikipita wote walizama. Mdogo wangu kasoma kwamba dawa za binadamu za wasiwasi zikifika mtoni zinawatoa samaki uoga. Ni kweli hiyo kitu? Na sisi tunaowala tupo salama?"

Jibu:

Marahaba ndugu yangu, na pole na hao ndege maana mdiria akishajua bwawa halina shida haondoki. Mdogo wako hajakudanganya, hiyo kitu ipo na imepimwa vizuri tu, ila kwa bwawa lako mimi dawa za wasiwasi ningeziweka mwisho kabisa kwenye foleni ya watuhumiwa. Kuna vitu kama vinne vinavyomfanya samaki aonekane hana uoga na kila kimoja kina tiba yake, ukikosea hapo unaweza kugombana na watu wa zahanati mwaka mzima kumbe tatizo ni samadi uliyomwaga mwenyewe.

Tuanze na hiyo habari ya mdogo wako. Utafiti uliowashtua watu ulitoka Sweden, kwenye jarida la Science mwezi wa pili 2013, wa kina Tomas Brodin wa Chuo Kikuu cha Umeå. Walichukua pechi, ni samaki wa maji baridi wa Ulaya mwenye milia, mdogo sana ukimlinganisha na sangara wetu, wakawaweka kwenye maji yenye oksazepamu, dawa ya wasiwasi ya ukoo mmoja na Valium. Kiwango cha chini walichotumia ni mikrogramu 1.8 kwa lita. Ili uone udogo wake, chukua kidonge kimoja cha miligramu 10 ukiyeyushe kwenye simtanki la lita 5,000 na bado uongeze madumu ishirini na kitu ya lita 20, ndo unapata maji ya namna hiyo. Na kwa kiwango hicho, dawa iliyoingia kwenye nyama ya wale samaki ilikaribiana na ile waliyoikuta kwa pechi waliovuliwa mto Fyris unaopita Uppsala, yaani haikuwa dozi ya kutunga tu labu.

Wakaona nini? Pechi kwa kawaida ni mwoga na anapenda kukaa na wenzake. Hawa wa dawa walizunguka zaidi, wakawaacha wenzao, wakatoka mafichoni kwenda sehemu wasiyoijua bila kusitasita, na chakula walikimaliza haraka zaidi. Sasa watu wengi wakisimulia utafiti ule wanasema samaki waliliwa kwa sababu hawaogopi, hapana, hakukuwa na adui yeyote kwenye jaribio lile, kilichopimwa ni uthubutu wa kutoka mafichoni. Ushahidi wa kuliwa ulikuja baadaye, 2019, kundi hilohilo la Sweden wakiongozwa na Jonatan Klaminder walipotoa kazi yao kuhusu samoni wachanga wanaoteremka mto kuelekea baharini. Waliopewa oksazepamu waliishia matumboni mwa samaki wengine zaidi ya wale ambao hawakupewa. Hapo ndo mnyororo mzima ulikamilika, dawa, uoga kupungua, kuliwa.

Kwa nini dawa ya mtu imfanye kazi samaki? Kwa sababu mitambo ya hofu ni ya zamani sana, samaki anayo, chura anayo, wewe unayo. Dawa za ukoo wa Valium zinakaa kwenye vipokezi vya kemikali ya ubongo inayoitwa GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza, na samaki ana vipokezi hivyohivyo. Fluoksetini, dawa ya sonona ile maarufu kwa jina la Prozac, inazuia serotonini isirudishwe haraka kwenye seli za neva, na serotonini samaki anayo pia. Halafu kumbuka kidonge kimetengenezwa makusudi kivumilie tumbo, kipite ini, kifike kichwani, sasa kitu kama hicho kikitoka na mkojo kikaingia mtoni hakioni ugumu kupita kwenye matamvua ya samaki ambayo yanachuja maji mchana na usiku. Marekani, kule Texas, kina Bryan Brooks walivua samaki kwenye kijito cha Pecan Creek ambacho maji yake mengi yanatoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, matokeo yalitoka 2005, wakakuta fluoksetini na setralini, dawa nyingine ya sonona, kwenye misuli, kwenye ini na kwenye ubongo wa samaki. Kwenye ubongo kabisa.

Lakini uoga wa samaki sio kitu kimoja, na hapa naomba unisome taratibu kwa sababu ndo patakusaidia kwenye bwawa lako.

Kuna uoga wa macho, kivuli kinapita, anazama. Kuna uoga wa mtikisiko, ubavuni mwa samaki kuna mstari wa vihisio vinavyosikia maji yakisukumwa, pamoja na masikio ya ndani, na habari hizo zinaingia kwenye seli mbili kubwa za neva nyuma ya ubongo zinazoitwa seli za Mauthner. Moja ikifyatuka mwili wote unajikunja kama herufi C halafu samaki anachomoka, yote hayo yanaanza ndani ya milisekunde chache, wewe hujapepesa jicho. Halafu kuna uoga wa harufu. Huu aliugundua Karl von Frisch, yule yule wa nyuki aliyepata Nobel 1973, mwaka 1938 alieleza kwamba samaki mdogo akijeruhiwa ngozi, kuna kitu kinatoka kwenye jeraha na wenzake wakikinusa wanashtuka, wanajikusanya, wanazama chini. Kambale mwenye ngozi tupu isiyo na magamba ana seli maalumu za kitu hicho kwenye ngozi. Sato hana seli za aina hiyo lakini naye maji yenye ngozi ya mwenzake aliyeumia yanamshtua, hilo limepimwa.

Sasa sumu tofauti zinakata nyaya tofauti. Dawa ya wasiwasi haimpofushi samaki wala haizibi pua yake, anaona na ananusa vizuri, ila kengele ya ndani hailii kwa nguvu. Brazil, Chuo Kikuu cha Passo Fundo, walionyesha mwaka 2014 kwamba wale samaki wadogo wa labu wenye milia kama pundamilia wakiwekwa kwenye maji yenye diazepamu, ndo Valium yenyewe, au fluoksetini halafu wakasumbuliwa, homoni ya msongo, kotisoli, haipandi kama inavyotakiwa. Na Minnesota, mwaka 2009, Meghan Painter na wenzake walipima kile kile kichomoko cha herufi C kwa vifaranga wa mino, samaki wadogo wa maji baridi, waliokaa siku 12 kwenye maji yenye dawa za sonona, baadhi ya dawa ziliwachelewesha kuchomoka na nyingine hazikufanya kitu. Kuchelewa kidogo tu, lakini mbele ya mdomo wa mwindaji kidogo kinatosha.

Nikisema baadhi zilifanya na nyingine hazikufanya, sikwepi swali, hali ndo ilivyo kwenye hii sayansi na ukisoma magazeti hutaiona. Kuna kazi nzuri ya 2014 ya Uingereza waliyopima dawa kwenye damu ya samaki badala ya kwenye maji tu, wakakuta fluoksetini inapunguza wasiwasi wa samaki pale kiwango cha damu kinapovuka kile cha mgonjwa aliye kwenye dozi. Mimi hiyo naiona ndo njia ya maana ya kufikiria, usiulize maji yana kiasi gani tu, uliza damu ya samaki imefika wapi. Mito mingi haimfikishi huko, mingine inamfikisha, hasa kijito kidogo ambacho kiangazi maji yake karibu yote ni majitaka.

Na tusisahau kwamba mwindaji naye anaogelea humohumo. Carolina Kusini, Marekani, walimpa fluoksetini samaki mwindaji mkubwa, akawa anachelewa kumkamata mino kuliko alivyokuwa, na kilichonichekesha nilipoisoma mara ya kwanza ni kwamba baadhi walikuwa wananing'inia wima karibu na uso wa maji, pezi la mgongoni liko nje. Ila dozi pale ilikuwa kubwa, kuanzia mikrogramu 20 na kitu mpaka 100 kwa lita, mtoni hukuti hivyo. Point yangu ni kwamba kama anayekimbia na anayekimbiza wote wamelewa, huwezi kujua nani atafaidika mpaka upime. Korongo wako lakini yeye halewi, yuko juu ya maji, kwa hiyo kwenye mambo ya ndege hesabu inaegemea upande wake.

Mengine yamewageuzia watafiti kibao kabisa. Mwezi wa nne 2025 kina Jack Brand walitoa kwenye Science matokeo ya mto Dal huko huko Sweden, samoni wachanga waliowekewa klobazamu mwilini, dawa nyingine ya ukoo wa Valium, walifika bahari ya Baltiki WENGI ZAIDI kuliko wasiopewa, na walipita haraka kwenye mabwawa mawili ya umeme yaliyopo njiani, pale ambapo wengine wanasitasita. Ukiisoma juu juu unasema basi dawa nzuri. Lakini labu walikuta kundi la samaki wa dawa halijibani vizuri adui akiwepo, kila mmoja anashika njia yake, na samoni akishafika baharini kule adui ndo wengi. Kuna na utafiti wa 2014 ambao pechi kwenye oksazepamu walikufa wachache kuliko wenzao, na Klaminder akauliza swali ambalo mpaka leo naliona zuri, vipimo vyetu vyote vya sumu vinasubiri samaki afe au anyong'onyee, sasa dawa ambayo kazi yake ni kuponya utaikamataje na kipimo cha namna hiyo?

Australia, Chuo Kikuu cha Monash, waliwalea samaki wadogo aina ya gapi kwenye fluoksetini kwa miaka miwili, vizazi kadhaa, samaki zaidi ya 3,600, ikatoka 2021. Walichokiona sio kwamba wote wamekuwa jasiri, bali tofauti kati ya mmoja na mwingine zilipungua. Kundi la kawaida lina waoga sana, wa kati na wehu wachache, na huo mchanganyiko ndo unaofanya mabaki yabaki siku mambo yakibadilika. Kwangu mimi huo ndo utafiti unaotisha kuliko wote ila haukusambaa kwa sababu hauna kichwa cha habari kizuri.

Haya, turudi kwetu. Mito yetu ina dawa? Ina, tena nyingi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York, mito 258 nchi 104, na Afrika kusini ya Sahara ilikuwa kati ya sehemu zenye viwango vya juu kabisa, Addis Ababa ikiwa kwenye miji ya mbele kwa uchafu huo. Kenya wamepima mto Nairobi na maji ya Kisumu, Uganda wamepima ghuba ya Murchison pale Kampala kwenye Ziwa Victoria hilihili. Lakini angalia ni dawa GANI. Sehemu kubwa ni antibayotiki kama sulfamethoksazoli, dawa za maumivu kama paracetamol na ibuprofeni, na Kenya dawa za ARV kama lamivudini na nevirapini zilijitokeza sana. Karbamazepini ya kifafa ipo, hiyo ni sugu na inaonekana karibu kila mahali duniani. Dawa za wasiwasi na sonona kwetu hazimezwi kama Sweden, na mitaa mingi ina vyoo vya shimo kwa hiyo sehemu kubwa ya mkojo inaingia ardhini kwanza. Zahanati moja ya kijijini inatoa Valium ngapi kwa mwezi? Chache mno kuweza kukilewesha kijito kizima halafu na bwawa lako juu yake.

Kwa hiyo nani anakulia vifaranga? Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni oksijeni, na hapo neno lako la "juu juu" ndo limenipa wasiwasi. Samaki aliyeondolewa uoga hana sababu ya kukaa juu muda wote, atazurura kila mahali. Anayekaa juu mdomo ukigusa uso wa maji ni samaki anayetafuta hewa, ile tabaka nyembamba ya juu ndo angalau ina oksijeni, na sato anaweza kuishi hivyo muda mrefu tu, ndo maana watu hawashtuki. Korongo akija anamwona vizuri, lakini akizama anakosa pumzi, kwa hiyo anabaki. Anaogopa sana tu, ila ana shida mbili na amechagua moja. Bwawa la samadi maji yanakuwa ya kijani kizito, mchana mwani unatoa oksijeni nyingi, usiku kila kiumbe kinaivuta, na kabla ya jua kuchomoza ndo inakuwa chini kabisa. Nenda bwawani saa 11 alfajiri na tochi. Kama wamejaa juu alfajiri na saa 9 alasiri wamezama na wanakimbia kivuli vizuri, kesi imeisha hapo, punguza samadi na chakula, punguza idadi, ingiza maji mapya usiku.

Wa pili ni bustani za nyanya. Wakulima wa nyanya wanapiga dawa za wadudu na dawa za ukungu, na za ukungu nyingi zina shaba, mrututu na ndugu zake. Shaba kidogo sana inaua pua ya samaki. Marekani, jimbo la Washington, samoni wachanga waliokaa saa chache tu kwenye shaba ya mikrogramu 5 mpaka 20 kwa lita hawakujali harufu ya mwenzao aliyejeruhiwa, wakaendelea kuogelea kama kawaida na trauti, samaki mwindaji, akawala kirahisi, hiyo ni kazi ya Jenifer McIntyre ya 2012. Diazinoni, dawa ya wadudu ambayo majina yake ya dukani mengi tu mnayajua, ilifanya jambo linalofanana kwa samoni wa aina nyingine, mikrogramu 1 kwa lita ilitosha, hiyo ilitoka 2000. Kwa hiyo ukitafuta kitu kwenye maji kinachoharibu uoga wa samaki kwa viwango vidogo na ambacho kipo kweli hapo juu yako, angalia pampu ya mgongoni ya jirani kabla hujaangalia dirisha la dawa la zahanati. Uliza tu, walipiga lini, mvua ilinyesha lini, na ndege walianza lini kuneemeka.

Wa tatu watu hawamfikirii, minyoo. Kuna minyoo ambayo maisha yake yanaanzia kwenye konokono, yanapita kwa samaki, yanaishia kwenye tumbo la ndege, sasa jiulize nani anafaidika samaki akikamatwa kirahisi. Mingine inakaa kwenye jicho la samaki na kumtia mtoto wa jicho. California kuna mmoja unaokaa juu ya ubongo wa samaki mdogo wa vinamasi vya maji ya chumvi, utafiti wa 1996 ulikuta wenye minyoo hiyo wanaliwa na ndege mara 10 mpaka 30 zaidi, na baadaye ikaonekana inachezea serotonini, kitu kilekile kinachoguswa na Prozac. Huku kwetu wa kawaida kwenye sato na kambale ni wale vidonge vya njano wanaojificha kwenye mashavu na chini ya ngozi. Vua vifaranga kumi, funua mashavu, angalia macho juani kama yana ukungu mweupe. Ukikuta, kazi yako ni konokono na majani ya pembezoni.

Wa nne ni malezi. Vifaranga wa kununua wametoka kituoni hawajawahi kumwona ndege, wanachojua ni kwamba kivuli cha mtu kikisimama ukingoni chakula kinamwagika. Ukimwaga chakula palepale kila siku umewafundisha kukimbilia kivuli. (Na kwa kuwa tunaongelea dawa kwenye maji, wale wa "dume tupu" walilishwa homoni ya methiltestosteroni wiki tatu nne za mwanzo, hiyo ni dawa ya binadamu pia, tunaiweka sisi wenyewe na maji ya kituo yanaenda mtoni, lakini hilo tuliache leo.)

Kama umepita yote hayo na bado unataka kujua kama ni kitu kwenye maji, kuna jaribio la nyumbani ambalo halina gharama. Tafuta mabeseni makubwa mawili yanayofanana, moja weka maji ya bwawa na ubadilishe sehemu yake kila siku kwa maji mapya ya bwawa, lingine maji ya kisima, kama ni ya bomba yaache wazi siku mbili klorini iondoke. Yote mawili yawe na pampu ndogo ya hewa ya akwariamu, hiyo ni lazima, ndo inaitoa ishu ya oksijeni kwenye hesabu. Weka vifaranga 15 kila beseni, wote wa bwawa hilo, wa ukubwa mmoja, lisha sawa, subiri wiki mbili maana fluoksetini inachelewa kutoka mwilini.

Siku ya kupima chora mstari katikati ya kina cha beseni, simamisha simu irekodi kabla hujasogea. Kwanza kivuli, kipande cha boksi kwenye fito ndefu, pitisha mara moja tu, usirudie rudie, wakizoea umeharibu. Kesho yake harufu. Chukua sato mmoja aliyekuwa wa kitoweo, mkwangue ngozi kidogo, suuza kwenye kikombe cha maji safi, chuja na kitambaa, mimina taratibu pembeni kiasi kilekile kila beseni. Mwambie mtu asiyejua beseni lipi ni lipi aangalie video na ahesabu wangapi wako chini ya mstari kabla na baada, wewe usihesabu, utaona unachotaka kuona.

Wakizama kwa kivuli lakini harufu hawaijali kwenye maji ya bwawa, na wa kisima wanaijali, shuku shaba au dawa ya wadudu, pua imekufa, kichwa ni kizima. Wasipojali kivuli wala harufu kwenye maji ya bwawa huku wa kisima wamerudisha uoga wote, hapo sasa tunaanza kuongea habari za mdogo wako, na hapo sampuli ya maji inafaa ipelekwe maabara yenye mashine ya kupima dawa, ni gharama, kwa hiyo usiende bila hizo video. Mabeseni yote mawili wakiwa hawajali chochote, angalia minyoo na malezi. Na wote wakizama vizuri kila mahali, maji yako hayana kesi, rudi kwenye tochi ya alfajiri.

Kuhusu kula. Tufanye hesabu ya mbaya kabisa, tuseme kilo ya samaki ina mikrogramu 10 za dawa ya wasiwasi, umekula nusu kilo, umepata mikrogramu 5. Kidonge cha Valium cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000. Unahitaji sahani elfu moja kama hizo kwa mkupuo kufikia kidonge kimoja. Kula samaki wako. Kinachonisumbua mimi kwenye kijito kinachopita zahanati na makazi ni antibayotiki na vinyesi pamoja, maana ndo panapokomaa vijidudu sugu, hivyo samaki mpike aive na mikono uliyoshika maji ya bwawa ioshwe kwa sabuni, hasa kama una kidonda. Dawa za watoto zilizoisha muda nazo msizimwage chooni wala mtoni, rudisheni zahanati au famasi.

Wakati unafanya yote haya tandaza wavu juu ya bwawa la vifaranga, nyuzi za kuvukanisha nusu mita nusu mita zinamchanganya korongo lakini mdiria anapita, yeye anataka wavu wa matundu madogo. Kipimo cha oksijeni cha alfajiri muombe afisa uvuvi wa kata au nenda chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi, mashine ni ya kutumbukiza na kusoma namba, dakika mbili. Ukipata chini ya miligramu 3 kwa lita niandikie na namba yenyewe, tuongelee samadi.